Sindano Isiyo na Dawa

Wajukuu zangu, mgongo wangu uliharibiwa na maji. Sisemi maji ya kunywa, nasema maji ya kubeba. Nyinyi mnaona pikipiki zikipandisha madumu, mnadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sisi tuliokulia hapa Chiwata, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, tuliijua tabia ya mchanga wetu: mvua ikinyesha unainywa yote, na wewe ukitaka maji unayafuata yalikokwenda, huko bondeni. Kushuka na ndoo tupu ni mchezo. Kupanda nayo imejaa, iko kichwani na mtoto yuko mgongoni, ndiko kulikonifikisha hapa, leo nikiinuka mkekani lazima kwanza nishike ukuta.

Nilimeza vidonge vya maumivu mpaka tumbo likakataa. Nikachuliwa kwa mafuta ya nyonyo. Kisha mwaka mmoja nilikwenda Unguja kumtembelea mjomba wenu, naye akanipeleka hospitali kwa daktari wa Kichina. Kiswahili cha daktari yule kilikuwa cha maneno machache, lakini yote ya kazi: "Mama, lala. Inauma hapa? Pole. Pumua." Akanilaza kifudifudi, akanipangusa kwa spiriti, akaanza kunichoma: kiunoni, nyuma ya magoti, na moja kwenye kifundo cha mguu, mbali kabisa na panapouma. Nilisubiri uchungu wa sindano ninaoujua, haukuja. Ulikuja uzito, kama mtu ananikandamiza kwa kidole kutokea ndani, kisha ganzi ikatembea mpaka unyayoni. Akaniacha hivyo kama nusu saa, miiba imenisimama kama nungunungu. Akazichomoa moja moja, akazitia kwenye boksi la sindano zilizotumika.

Niliporudi na kuwasimulia, mdogo wenu wa mwisho aliuliza, "Bibi, sindano zile zilikuwa na dawa gani?"

Nikamwambia hazikuwa na dawa.

"Sasa zilitibu nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta, nimelipata, ila ni refu, na njia yake inapita kwa mtu mwingine ambaye naye aliumwa mgongo.

Tuanze na sindano yenyewe. Ile mnayochomwa kwenye kituo cha afya ina tundu katikati, maana kazi yake ni kupitisha dawa, kama mrija. Ya Kichina haina tundu. Ni kama uzi wa chuma, unene wake robo ya milimita hivi, mwembamba kiasi kwamba unaweza kupita ndani ya tundu la sindano ya kituoni. Haibebi kitu. Kama inatibu, basi inachokifanya inakifanya kwa vitu ambavyo tayari unavyo mwilini mwako. Hilo lishikeni, tutalirudia.

Wachina wa kale, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, walisema mwilini mna kitu wanachokiita qi, nao hutamka "chi". Katika maandishi yao ya zamani neno hilo huchorwa kama mvuke unaopanda juu ya mchele. Qi, walisema, hupita mwilini kwenye njia zake kama maji yapitavyo mitoni. Njia ikiziba, panauma, sindano inazibua. Mtu wa Chiwata halishangai sana jambo hili, kwa kuwa anajua kuna maji mengi yanayotembea yasionekane. Tabu ni moja. Ukimpasua mtu utaiona mishipa ya damu, utaiona mishipa ya fahamu, lakini njia za qi huzioni.

Hata hivyo waliifanya kazi yao kwa makini ya ajabu. Mwaka 1027 daktari wa ikulu aliyeitwa Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu mbili za shaba, kila moja ukubwa wa mtu mzima, ndani tupu, mwilini ina vitundu zaidi ya 600. Husimuliwa kwamba siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta mwili mzima ili vitundu visionekane, ikajazwa maji. Mwanafunzi anaambiwa: mgonjwa wako anaumwa kitu fulani, mchome. Akipatia, maji yanachuruzika. Akikosea, sindano inagonga shaba na kupinda. Mimi ningependa kuwa mle chumbani, nione nyuso za vijana wale.

Sasa tuje kwa mwenzangu wa mgongo. Jina lake Cheng Dan'an, alizaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Jiangsu, mashariki mwa China. Baba yake alikuwa mganga, anatibu watoto na anajua sindano. Kijana alijifunza kwa baba, kisha akajifunza udaktari wa Kizungu, na sindano za baba zikaanza kuonekana mambo ya kizee. Hakuwa peke yake. Tangu mwaka 1822 mfalme alikwishaziondoa sindano katika chuo cha madaktari wa ikulu, na mwaka 1929 serikali ililetewa pendekezo kwamba tiba ya asili ya Kichina ifutwe nchi nzima. Wachoma sindano walikuwa watu wa kudharauliwa, baadhi yao wakitumia sindano nene zisizo safi.

Kisha mgongo ukamshika. Akaumwa kiuno, akakosa usingizi, na dawa alizozijua zikashindwa. Baba akatoa sindano zake, akamchoma, akapata nafuu.

Ninachompendea mtu huyu ni kile alichokifanya baada ya kupata nafuu. Wengine wangerudi kwenye mambo ya baba wakavichoma moto vitabu vya Kizungu. Yeye hakuchoma kitu. Alichukua ramani ya zamani ya sehemu za sindano, akaiweka sambamba na kitabu cha kisasa kinachoonyesha misuli, mifupa na mishipa, akaanza kuuliza kila sehemu: hapa chini pana nini? Sehemu iliyoangukia juu ya mshipa wa damu, aliisogeza. Akasisitiza sindano nyembamba na usafi. Mwaka 1931 alitoa kitabu cha kufundishia kazi hiyo, na wanafunzi wa mbali akawa anawafundisha kwa barua. Mwaka 1934 alivuka bahari kwenda Japani kuona wenzao wanafundishaje, akarudi akaendesha shule ambamo kijana anajifunza sindano pamoja na maumbile ya mwili wa binadamu. Vita vya Japani na China vilivyoanza mwaka 1937 vikaifunga. Mwaka 1954, nywele zimeshaanza kubadilika, alipewa kuongoza shule ya tiba ya Kichina ya jimbo lake, na mwaka 1957 akafariki.

Wakati huo serikali mpya ya China ilikuwa imeamua jambo kubwa. Madaktari wa hospitali walikuwa wachache mno kwa mamilioni ya watu wa vijijini, waganga wa asili walikuwa wengi, basi kila upande uende darasani kwa mwenzake. Mwaka 1956 vyuo vinne vya tiba ya Kichina vilifunguliwa, Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Mwanafunzi wa vyuo vile asubuhi husoma moyo unavyosukuma damu, mchana hujifunza kushika mapigo ya mkono kwa vidole vitatu kama walivyofundisha wa kale. Ni masomo mawili ndani ya kichwa kimoja, na mara nyingine hayakubaliani.

Sasa nirudi kwa daktari wangu wa Unguja. Timu za madaktari wa China zilianza kufika Zanzibar miaka ya 1960, na hazijaacha mpaka leo. Hutoka wapi? Jiangsu, jimbo lile lile la Cheng Dan'an. Hufanya kazi katika hospitali za Mnazi Mmoja kule Unguja na Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba. Kundi likimaliza zamu, jingine linapokea. Huku Bara hutoka Shandong, tangu mwaka 1968. Wengi wao ni wapasuaji, madaktari wa macho, madaktari wa kina mama, na katikati yao huwamo mtu wa sindano.

Niwaambie kazi ya mtu huyo ilivyo, maana watu hudhani ni kuchoma tu. Kabla hajatoa sindano hata moja, daktari wangu alinipima presha. Akanigonga magoti kwa kinyundo. Akaishika picha ya eksirei, akaitazama dirishani kwa muda mrefu. Mimi nikasema moyoni, huyu mbona anachelewa? Baadaye nilielewa. Mgongo huuma kwa sababu nyingi. Unaweza kuuma kwa uchakavu, kama wangu. Unaweza kuuma kwa sababu ya figo. Unaweza kuuma kwa sababu kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo, na huko kipo, hakikai kifuani tu. Mwenye kifua kikuu ukimchoma sindano, huenda maumivu yakapungua akashukuru, akaenda nyumbani, na ugonjwa ukaendelea kula mfupa. Kwa hiyo daktari mwenye masomo mawili huanza na lile linaloona ndani: picha, damu, mkojo. Akishajua kwamba hakuna cha kuua pale, ndipo anafungua kiboksi cha sindano. Mganga wa sindano asiyejua hivyo ni hatari, hata kama mkono wake ni mwepesi. Nanyi msije mkachukua sindano za cherehani mkachomana, nawajua.

Turudi kwenye swali la mdogo wenu. Mwaka 1965 daktari mmoja wa Beijing, Han Jisheng, msomi wa jinsi mwili unavyofanya kazi, alipewa jukumu la kuchunguza sindano zinavyotuliza maumivu. Alitumia sungura. Alimpa sungura mmoja tiba ile, kisha akachukua majimaji yanayozunguka ubongo wake, akayatia kwenye ubongo wa sungura mwingine ambaye hakuguswa kabisa. Yule wa pili naye maumivu yake yakapungua makali! Maana yake ni nini? Ni kwamba kuna kitu ubongo wa sungura wa kwanza ulikitoa, na kitu hicho kinahamishika. Mwaka 1975 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, walivitambua vitu vya aina hiyo ambavyo ubongo hujitengenezea, vinavyofanya kazi kama dawa kali za maumivu za hospitali. Kumbe dawa ilikuwepo. Sindano ilikwenda kuiamsha.

Nilifurahi nilipolijua hilo, nikataka kuishia hapo. Lakini kuna jambo la pili ambalo lazima niwaambie, hata kama linapunguza utamu. Watafiti walitengeneza sindano za uongo, ambazo ukizisukuma zinaingia ndani ya mpini wake badala ya kuingia mwilini, mgonjwa asijue. Wakawagawa wagonjwa, hawa za kweli, hawa za uongo. Kwa maumivu ya muda mrefu ya mgongo, ya shingo, ya magoti, na ya kichwa, wote walipata nafuu. Waliochomwa kweli waliwazidi wenzao, ila kwa kiasi kidogo. Kumbe kulala, kutulia, kuguswa na mtu anayekujali na kukwambia pole, navyo huweza kuamsha dawa ile ile ya ndani. Kichefuchefu cha baada ya upasuaji nacho hupungua kwa kuchoma sehemu moja iliyo upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu kutoka mstari unaotenganisha kiganja na mkono, katikati ya kano mbili. Pale hata kubonyeza kwa kidole kunasaidia. Lakini sindano haiui wadudu wa malaria, haikaushi kidonda cha tumbo, haiungi mfupa. Mgongo wangu mimi haukupona. Baada ya kuchomwa mara nne niliweza kuinama kuokota korosho zangu msimu mzima, na kwangu hilo ni kubwa.

Malaria nimeitaja kwa makusudi. Wachina huliita somo lao la sindano kwa maneno mawili, sindano na kuunguza, kwa sababu mara nyingi mtaalamu huwasha majani makavu karibu na ngozi ili joto lipenye. Majani hayo ni ya jamii ya pakanga, mmea mchungu ambao jina lake mmelisikia kanisani kwenye kitabu cha Ufunuo. Ndugu yake mmoja huitwa qinghao, na habari zake zilianza kwa mtu wa kale aitwaye Ge Hong.

Ge Hong aliishi miaka 1,700 iliyopita. Aliandika kitabu kidogo cha tiba za dharura, chepesi, cha kufichwa kwenye mkono wa vazi ili mtu atembee nacho. Humo ameandika habari za kutoa uvimbe kwa pembe ya mnyama. Niliposikia hivyo nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama. Alikuwa fundi wa kuumika: anachanja ngozi kidogo, anaweka chuku, yaani pembe iliyokatwa ncha, ananyonya hewa kwa mdomo na kuziba kwa nta, na damu mbaya inakuja. Ge Hong kule, bibi yangu huku, pembe ile ile. Bibi yangu alijua pia mizizi mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Alikufa nayo yote. Hakuna aliyekaa chini na kalamu. Hilo linaniuma kuliko mgongo.

Kitabu cha Ge Hong kilibaki, na mwaka 1969 kilikuwa mezani kwa mwanamke mmoja huko Beijing, Tu Youyou. Huyu alisomea ufamasia wa Kizungu, akamaliza mwaka 1955, kisha akarudi darasani miaka miwili na nusu kujifunza dawa za asili. Malaria wakati ule ilikuwa imeanza kuishinda klorokwini, ile iliyokuwa ikituwasha mwili mzima mpaka tunajikuna kwa magunzi. Yeye na wenzake walikusanya maelekezo 2,000 ya waganga, wakajaribu mmea baada ya mmea. Qinghao ilionyesha dalili njema, kisha ikashindwa, ikashindwa tena. Akarudi kwa Ge Hong, akasoma pale anapoeleza namna ya kuitengeneza kwa ajili ya homa za kuja na kwenda: loweka konzi ya majani kwenye maji, kamua, kunywa. Kuloweka na kukamua! Hakuna neno la kuchemsha. Wao walikuwa wanachemsha. Labda moto ndio uliokuwa unaua dawa. Akabadilisha njia, akatumia kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo la nyuzi 35 tu, na mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliua vimelea vyote kwenye panya wa majaribio, kisha kwenye nyani. Kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, mwaka 1972, yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Alipoipokea hakuwa na shahada ya uzamivu.

Dawa hiyo mnaijua. Imo ndani ya mseto. Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006, nayo inaitwa mseto kwa sababu ni dawa mbili kwa pamoja, kama wali na choroko: moja inatoka kwenye jamii ya qinghao na inaua kwa kasi, nyingine inabaki kwenye damu kumalizia masalia.

Nasi tunajaribu. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, walianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, sasa ni taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge lilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na lipo baraza la kuwasajili waganga. Lakini Muhimbili ni mbali, na mizizi iko hapa, vichwani mwa wazee wanaopungua kila masika. Nyinyi mna madaftari. Mzee akikwambia mti huu ni wa tumbo, andika jina la mti kwa Kimakonde, kwa Kiyao, kwa Kimakua, andika sehemu gani hutumika, huchemshwa au hulowekwa. Msiinywe. Iandikeni. Neno moja la kuloweka lilingoja miaka 1,600 kabla ya mtu kulisoma vizuri.

Mnakumbuka mwezi uliopita mdogo wenu, huyu mwenye maswali, alipochemka homa usiku. Alfajiri tulimpeleka kituoni. Wakamtoboa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kipimo, mistari miwili ikatokea. Akapewa mseto wa siku tatu, na mhudumu akasema ameze na chakula chenye mafuta, na akitapika kabla ya nusu saa tumrudishe apewe kidonge kingine. Nikampikia uji wa karanga. Akameza, akakunja uso, nikaona koo linapanda. Nikaushika mkono wake, nikapima vidole vitatu kutoka mstari wa kiganja, nikabonyeza katikati ya kano kwa dole gumba.

"Bibi, na hiyo ni ya Wachina?"

"Na hii ni yao."

Akafumba macho akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Tulikaa hivyo mkekani, mimi nimebonyeza, yeye anahesabu, mpaka nusu saa ikapita.